Vinundu vya visigino vya baba, na posa ya mtoto wa ami

Assalam aleikum, mshauri.

Mimi ni msichana wa miaka 27, mzaliwa wa Amu, nyumba yetu iko Langoni. Nakuandikia jambo ambalo nyumbani nikilifungua mdomo nanyamazishwa.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa majahazi, kwao Matondoni. Alifariki akiwa na miaka 43. Asubuhi ile alikuwa akitia kalafati. Akaweka nyundo chini, akasema kifua kinambana, akaenda kuketi kivulini. Hakuinuka tena. Mimi nilikuwa darasa la saba. Baba hakuwa mnene, hakuvuta sigara, alikula wali na samaki kama wenzake, na kutwa alikuwa wima kazini. Watu wakasema ni jicho, kwa kuwa jahazi alilotoka kulitengeneza lilikuwa limesifiwa sana kwenye mashindano ya Maulidi.

Ami mkubwa alimfuata miaka minne baadaye, naye ni kifua, akiwa na miaka 49. Babu yao alifia baharini angali kijana. Hadithi ya nyumbani ni kwamba alipigwa na jini, lakini waliokuwa naye chomboni walisema alishika kifua akaanguka. Aliyebaki kwa wanaume ni ami mdogo, mwenye miaka 58. Mwaka juzi alipelekwa Mombasa kwa maumivu ya kifua, akarudi na mfuko wa dawa.

Kuna kitu kimoja sikisahau. Usiku baba alikuwa akiniita nimkande miguu kwa mafuta ya nazi. Nyuma ya visigino alikuwa na vinundu, kimoja kila mguu, vigumu kama kokwa ya tende iliyofichwa chini ya ngozi. Alikuwa akisema haviumi, ila viatu vya kufunga vilimsugua, kwa hivyo hata harusini alikwenda na makubadhi.

Upande wa mama tatizo letu ni sukari. Nyanya alikatwa kidole cha mguu, mama anameza dawa, na mama mdogo amegunduliwa mwaka huu.

Sasa yaliyonifanya niandike. Mwezi uliopita nilipimwa afya kwa ajili ya kazi. Karatasi ikatoka imeandikwa LDL 6.8. Mhudumu akanitazama, akasema mtu mwembamba kama mimi hawezi kuwa na mafuta hayo, labda mashine imekosea au nilikula viazi karai kabla ya kuja. Akaniambia nipunguze vya kukaanga. Ikawa basi.

Nilipomweleza kaka yangu aliye Doha, akaniambia nisiwe na wasiwasi. Yeye alinunua kile kipimo cha kutema mate kwenye kichupa ukakituma, na majibu yakaja kwenye simu kwamba hatari yake ya ugonjwa wa moyo ni ya kawaida. Akasema, “Sisi damu moja, kwa hivyo na wewe uko salama.”

Na katikati ya haya, nimeletewa posa na mtoto wa ami mdogo. Tunapendana na wazee wamefurahi. Lakini nikikumbuka baba na ami mkubwa silali. Nilimuuliza shangazi, dada yao baba, kama si bora tupimwe kwanza. Akanijibu, “Usiitie nyumba yetu doa. Ukianza kusema damu yetu ina ugonjwa, nani atawaposa wadogo zako?”

Je, kaka yangu ana haki? Nimkubali mtoto wa ami? Na hii sukari ya kwa mama na moyo wa kwa baba ni kitu kimoja, au nimeandamwa na viwili?

Binti wa fundi, Lamu

JIBU

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Nianze na mashine, kwa sababu hapo ndipo ulipopotezewa mwezi mzima. Sidhani kama ilikosea. Viazi karai vya asubuhi moja vinaweza kuyachezea mafuta mengine ya damu, lakini havipandishi LDL, ile kolesteroli (mafuta ya damu) inayoziba mishipa, hadi 6.8. Kwa mtu mzima, namba hiyo ikipita 4.9, daktari anapaswa kujiuliza kama ni jambo la kurithi, mgonjwa awe mnene au mwembamba. Na katika barua yako umetaja dalili nzito kuliko hiyo namba.

Sehemu ile ya kumkanda baba yako nimeisoma mara tatu. Kinundu kigumu kisichouma, kwenye ile kano nene iliyo nyuma ya kisigino, miguu yote miwili, kwa mtu aliyekufa kwa kifua kabla ya miaka 50: hicho ni kolesteroli iliyojikusanya ndani ya kano kwa miaka mingi. Kilichokuwa kikitua kisiginoni kilikuwa kikitua pia kwenye mishipa ya moyo. Inaniuma kwamba dalili ilikuwa chini ya vidole vyako kila usiku, na hakukuwa na mtu wa kuwaambia maana yake. Wewe ulikuwa mtoto. Usijibebeshe hilo hata kidogo.

Siwezi kukutibu kwa barua. Lakini namba yako, visigino vyake na vifo vya nduguze vikiwekwa pamoja, ugonjwa unaonijia mbele una jina: kolesteroli ya juu ya kurithi. Ini letu lina vipokezi vinavyokamata LDL katika damu na kuiondoa. Maagizo ya kutengeneza vipokezi hivyo yamo kwenye jeni, na kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Ukirithi nakala moja mbovu, ini linabaki na karibu nusu ya vipokezi, na LDL inazunguka kwenye damu tangu siku unayozaliwa. Waliofumbua siri hii ni Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, wakapewa tuzo ya Nobel mwaka 1985. Ndiyo maana baba yako alikuwa mwembamba, mchapakazi, mla samaki, na bado mishipa ikaziba. Halikuwa jicho, wala halikuwa kosa lake.

Umeuliza kama moyo wa kwa baba na sukari ya kwa mama ni kitu kimoja. Sivyo, na tofauti yake ndiyo itakayokuongoza katika mengine yote, basi niruhusu niieleze kwa kazi ya baba yako. Chombo huzama kwa njia mbili. Kuna jahazi linalozama kwa sababu ubao mmoja chini ya maji umepasuka. Fundi akishuka anauona, anaweka kidole pale pale. Na kuna jahazi lenye mbao nzima linalozama kwa shehena ya boriti. Hapo huwezi kunyooshea kidole boriti yoyote ukasema hii ndiyo iliyotuzamisha. Kila moja ni nyepesi, lakini zimerundikana, na siku hiyo upepo nao ukawa mkali.

Sisi binadamu tunafanana kwa sehemu kubwa mno ya DNA yetu, ule mwandiko wote wa maagizo ya mwili ambamo jeni zimo. Lakini DNA ina herufi kama bilioni 3, kwa hivyo hata tofauti ndogo hufika mamilioni. Nyingi ni za kawaida, utazikuta kwa watu wengi mtaani, na kila moja inasukuma ugonjwa kidogo sana. Hizo ndizo boriti. Chache ni adimu, zimo katika familia hii na ile, na moja peke yake inatosha kumwangusha mtu. Huo ndio ubao uliopasuka. Si bahati kwamba zile nzito ni adimu. Tofauti inayoua watoto kabla hawajazaa haipati nafasi ya kuenea. Lakini hii ya kwenu humngoja mtu hadi amekwisha kupata watoto, ndipo humchukua, kwa hivyo hupita kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu. Katika watu 250 hadi 300 hivi duniani, mmoja anayo. Ni adimu, lakini si ya ajabu. Siku ya sala ya Idi, uwanja ukijaa, hukosi wenye nayo, na wengi wao hawajui.

Sukari ya kwa mama, ile inayowapata watu wazima, kwa kawaida ni shehena ya boriti. Mwaka 2006 watafiti wa Iceland walitangaza tofauti iliyo kwenye jeni iitwayo TCF7L2, na mpaka leo ni miongoni mwa tofauti za kawaida zenye nguvu zaidi katika kisukari hicho. Hata hiyo, nakala moja yenye tofauti hiyo huongeza hatari kwa kiasi cha asilimia 40 tu juu ya aliyokuwa nayo mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliokusanya watu zaidi ya milioni 2.5, ulipata sehemu 611 za DNA zinazohusika. 611! Ndiyo sababu kwa mama ugonjwa hautembei kwa mstari ulionyooka, unampata huyu unamwacha yule, na uzito wa mwili na kukaa bila kutembea vina sauti kubwa. Habari njema ni kwamba shehena hupunguzwa. Jaribio kubwa la Marekani la mwaka 2002 lilionyesha kwamba watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari, wakipunguza uzito na kutembea, waliepusha asilimia 58 ya maradhi ambayo yangewapata. Kwa hivyo upande wa mama yako, pimeni sukari kila mwaka, punguzeni chai tamu na mahamri ya kila asubuhi, mtembee. Sina zaidi la kusema hapo. Kinachonitia hofu ni upande wa baba.

Sasa kaka yako. Amenena kwa mapenzi, lakini amekosea mara mbili.

Kosa la kwanza ni hilo la “damu moja.” Nakala mbovu ya baba humfikia kila mtoto kwa nafasi ya nusu kwa nusu, kila mimba na bahati yake. Kaka anaweza kuwa nayo na wewe huna, au wewe unayo na yeye hana. Majibu yake hata yangekuwa ya kweli kabisa yasingekuhusu.

Kosa la pili ni zito zaidi. Vipimo vingi vya mate vya kuuzwa hutazama zaidi zile tofauti za kawaida, huzijumlisha, kisha hukupa alama. Yaani wanahesabu boriti na hawashuki chini kutazama ubao. Mtu anaweza kupata alama ya “kawaida” huku amebeba nakala mbovu ambayo kipimo hakikuitafuta kabisa. Sisemi alama hizo hazina maana. Mwaka 2018 watafiti walionyesha kwamba katika watu wa Uingereza waliopimwa, asilimia 8 walikuwa na mrundiko wa tofauti za kawaida unaowafikisha kwenye hatari ya moyo mara tatu ya wenzao, sawa na wenye jeni moja mbovu. Shehena ikizidi inazamisha kweli. Lakini shehena na ufa ni mambo mawili, na kuona kimoja hakukuambii kitu juu ya kingine.

Tena alama zile zilitengenezwa kwa watu gani? Hesabu iliyofanywa mwaka 2019 ilikuta kwamba karibu asilimia 79 ya watu waliomo katika tafiti za aina hiyo ni wenye asili ya Ulaya. Kwa mtu mwenye asili ya Afrika alama hizo hubahatisha zaidi. Na sisi wa pwani, tuliochanganya Bara na Arabuni na Hindi kwa karne nyingi, tumo wapi katika hesabu hiyo? Hili nalisema kwa uchungu, maana kilicho adimu kwao kinaweza kuwa cha kawaida kwetu. Hapa kwetu Kilifi kuna tofauti ya chembe nyekundu za damu iitwayo Dantu. Karibu mtu mmoja katika kumi anayo, na humkinga mtoto na malaria kali. Kwingineko duniani ni nadra kuipata. Nayo ilieleweka kwa sababu kulikuwa na watafiti papa hapa Kilifi, na akina mama waliokubali watoto wao wapimwe.

Nikupe na mfano mwingine unaohusu hasa kolesteroli, kwa sababu nataka ujue kwamba tofauti adimu si mikosi tu. Mwaka 2003 familia za Ufaransa ziliwaonyesha watafiti kwamba jeni iitwayo PCSK9 ikizidisha kazi, hupandisha LDL. Wenzao wa Dallas wakageuza swali: je, ikiharibika kabisa? Jibu walilipata kwa Wamarekani weusi. Mwaka 2006 ilichapishwa kwamba asilimia 2.6 ya weusi waliofuatiliwa katika utafiti mmoja walikuwa na nakala iliyokufa ya jeni hiyo. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa pungufu kwa asilimia 88. Kwa wazungu nakala hizo zilizokufa ni nadra mno. Kutokana na damu ile ya asili ya Afrika ikapatikana njia ya dawa mpya za sindano, zilizoidhinishwa mwaka 2015. Bei yake bado ni kubwa kwa mtu wa kawaida, lakini dawa za zamani za vidonge zipo, ni nafuu, na kwa wengi hufanya kazi kubwa.

Pengine utauliza: ikiwa ni ubao ule ule, mbona ami mdogo amefika 58 na baba hakufika 44? Hapa ndipo mambo mawili yanapokutana. Jahazi lenye ufa na shehena ndogo huelea muda mrefu kuliko lenye ufa na shehena kubwa. Utafiti wa mwaka 2020 uliwatazama watu wenye jeni moja mbovu ya kolesteroli na kuhesabu boriti zao. Nafasi ya kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kufikia miaka 75 ilianzia asilimia 17 kwa waliobeba shehena ndogo hadi asilimia 78 kwa waliobeba kubwa. Ufa ule ule! Kwa hivyo miaka ya ami yako isimdanganye mtu kwamba familia haina kitu. Na dawa alizopewa Mombasa pengine ndizo zinazompa pumzi. Asiziache.

Tuje kwenye posa, maana najua ndiyo inayokunyima usingizi.

Sitakuambia umkatae. Ndoa ya mtoto wa ami ni halali yako na ni ya kwetu tangu zamani, na nyingi zimezaa watoto wazima. Ninachokuomba ni kitu kidogo zaidi ya hapo: usijibu posa kabla hujajua LDL yake. Ami yako huenda naye ana nakala hiyo. Akiwa nayo, mwanawe ana nafasi nusu ya kuirithi. Na wewe, kwa namba yako, naona unayo.

Watu wa pwani tunaijua selimundu. Tunajua kwamba mwenye nakala moja ni mzima, na hatari iko pale wawili wanapokutana. Hii ya kolesteroli inafanana nayo upande mmoja na inatofautiana upande mwingine. Nakala moja tayari ni ugonjwa, huo uliowachukua wazee wako. Nakala mbili ni balaa la watoto: mkiwa nyote wawili mnayo, kila mimba ina robo ya nafasi ya kuzaa mtoto mwenye nakala mbili mbovu. LDL ya mtoto kama huyo mara nyingi hupita 13, vinundu hutokea utotoni, na moyo unaweza kushtuka kabla hajafika miaka 20. Vidonge vya kawaida havimsaidii vya kutosha, kwa sababu vinategemea vipokezi ambavyo hana. Hilo ndilo ninalotaka mlijue mapema, mkiwa wawili mmekaa mnazungumza, wala si siku mtakayokuwa mmebeba mtoto wodini.

Akipimwa na LDL yake ikawa ya kawaida, mzigo unabadilika kabisa. Hapo kila mtoto wenu atakuwa na nafasi nusu ya kurithi nakala yako moja, kama ambavyo ingekuwa ukiolewa na mtu wa mbali asiye na uhusiano nawe. Watoto wa familia kama hizi hupimwa wangali wadogo, na dawa huweza kuanza wakiwa na miaka 8 hadi 10. Uholanzi waliwafuatilia watoto 214 walioanza dawa mapema, kwa miaka 20. Walipofikia miaka 39, asilimia 1 tu ndio waliokuwa wamepata tatizo la moyo au mishipa. Wazazi wao wenye ugonjwa huo, katika umri ule ule, walikuwa asilimia 26. Isome tena hiyo namba, mwanangu. Kizazi kimoja tu, jeni ile ile, tofauti ni kujua mapema na kutibiwa.

Ikiwa nyote mnayo, bado uamuzi ni wenu. Kaeni na daktari anayejua maradhi ya kurithi, mwulize yote. Mimi, kwa roho yangu, ningemwambia binti yangu afikiri sana.

Kwako wewe mwenyewe, usingoje posa wala mtu. Rudia kipimo cha mafuta ya damu, kamili. Amu wakikosa, kuna maabara Malindi na Mombasa. Enda na ile karatasi ya kwanza, na uandike kwenye daftari waliokufa, nani na miaka mingapi, na vinundu vya baba. Mara nyingi daktari huhitaji hayo kuliko kipimo cha jeni, ambacho kinaweza kuja baadaye. Atataka pia kuangalia tezi ya shingo na figo, kwa sababu zikiharibika nazo hupandisha LDL. Akikuanzishia dawa, mwambie kwamba unafikiria ndoa. Dawa hizi kwa kawaida husimamishwa mtu anapopanga kushika mimba, na hilo hupangwa mapema. Yule aliyekuambia wembamba ni kinga usirudi kwake kwa jambo hili.

Kaka yako naye akapime damu huko Doha, juma hili. Mate yale ayasahau. Alivyo mbali na nyumbani ndiye ninayemhofia zaidi, kwani ameshapewa karatasi ya kumtuliza.

Na shangazi. Naielewa hofu yake. Nyumba ya mabinti huishi kwa jina, na neno “damu mbaya” likitoka barazani halirudi. Lakini damu yenu si mbaya. Kuna herufi moja au mbili zilizokosewa katika maagizo ya ini, kama fundi aliyekosea ubao mmoja katika chombo kizima. Wadogo zako wakipimwa na kutibiwa, wataolewa na wataishi. Wakifichwa, wataolewa na waume zao wataachwa na mayatima. Jina la nyumba litasimama kwa lipi?

Kisha kuna jambo ambalo nadhani shangazi halijampitia akilini. Yeye ni dada yao. Nafasi nusu iliyowapata baba yako na ami zako ilimpata na yeye. Kwa wanawake moyo huchelewa kidogo kushikwa, kwa hivyo kuwa mzima leo hakumtoi hatarini. Usimwendee kwa hoja za ndoa tena. Mwambie unaogopa kumpoteza. Mwambie ni yeye aliyebaki wa kukusimulia habari za baba yako, na umwombe mwende pamoja kupima, wewe na yeye, siku moja, boti moja hadi Mokowe.

Kabla ya hapo, pita kwa ami mdogo. Mpelekee mafuta ya nazi, umwombe akupe miguu yake umkande kama ulivyokuwa ukimkanda ndugu yake. Usipokuta kitu nyuma ya visigino, bado apime, kwa maana si kila mwenye ugonjwa huota vinundu. Ukivikuta, chukua mkono wa mwanawe uuweke pale, naye aguse.

Mshauri wako, Malindi